Nakala Mbili

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe niliikariri methali hii kwa ajili ya mtihani, nikapata alama zangu, kisha nikaisahau. Ilinirudia mwaka 1997 huko Dunga, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, siku ambayo daftari lilitoweka mbele ya macho yangu ilhali wenye mali wamesimama mlangoni. Nakusimulia habari hiyo, msomaji mpenzi, kwa sababu kosa lilikuwa langu mwenyewe, na kosa la mwingine ni elimu ya bei nafuu: aliyelitenda hulipa kwa aibu, na mwenye kulisoma hulipa kwa dakika chache tu.

Dunga ni ufuo wa wavuvi kusini mwa mji wa Kisumu, mwendo wa kilomita chache kutoka bandari ambayo reli iliyoanzia Mombasa iliifikia mwaka 1901. Hapo nchi kavu haikomi kwa ghafula. Hukabidhi mamlaka yake kwa maji polepole, kupitia msitu wa mafunjo marefu ambamo ndege hujenga viota na samaki wadogo hupata maficho. Alfajiri mitumbwi hurudi na mbuta na ngege. Mchana omena hutandazwa juani. Jioni moshi wa mafuta ya kukaangia hupanda juu ya vibanda. Lakini mwaka ule ufuo ulikuwa na huzuni. Magugu maji yalikuwa yameenea katika Ghuba ya Winam, na upepo ulipoyasukuma yalijaza ufuo kama zulia la kijani. Mtumbwi mmoja ukashindwa kutoka, na mwingine ukashindwa kurudi. Watu waliozoea kula asubuhi jasho la usiku wakaanza kula akiba yao.

Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa karani katika ofisi ya chumba kimoja, ambako wavuvi na akina mama wachuuzi wa samaki waliweka shilingi chache kutoka katika kila mauzo. Haba na haba ikajaza kibaba, na kibaba hicho nilikabidhiwa mimi nikihesabu. Kabla yangu kazi ilikuwa ya mzee mmoja mwenye mwandiko mzuri kama wa mwalimu wa shule ya msingi. Ofisi ilikuwa imenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, na mzee huyo aliifanyia kazi mwaka wake wa mwisho. Lakini kila jioni, baada ya kuizima, alifungua daftari lake kubwa na kuandika tena kwa kalamu yale yale aliyoyatia katika mashine. Alipostaafu niliingia mimi, nina cheti cha kompyuta kutoka mjini, na kiburi kilichokizidi cheti. Daftari la mzee nililiweka juu ya kabati. Nilijiambia kuwa mwenye akili haandiki jambo moja mara mbili.

Sasa yanipasa kukueleza mashine ile ilikuwa ya namna gani, maana bila hayo hutaelewa niliteleza wapi.

Diski yake ngumu ilikuwa na nafasi ya megabaiti 40. Simu ya kawaida iliyo mfukoni mwa mjomba wako leo yaweza kuwa na nafasi zaidi ya mara elfu ya hiyo. Diski kubwa ilikuwa na bei kubwa, na wengi wetu tulikuwa na mifuko midogo. Kwa ajili hiyo watu walitumia programu za kubana. Iliyokuwa katika mashine yetu iliitwa Stacker, kazi ya kampuni ya Stac Electronics ya California, Marekani, iliyoanza kuitoa mwaka 1990. Kanuni yake ilitokana na njia ambayo wataalamu wawili, Abraham Lempel na Jacob Ziv, waliitangaza mwaka 1977. Kanuni yenyewe si ngumu. Tuseme umeandika katika ukurasa mmoja maneno "mbuta, kilo kumi, amelipwa" mara arobaini. Badala ya kuyarudia, waweza kuyaandika mara moja tu, na kila yanapotokea tena ukaweka alama fupi yenye maana hii: rudi nyuma mpaka mahali fulani, unakili herufi kadhaa. Ukurasa mzima utakuwa mistari michache, na msomaji anayejua maana ya alama atauandika upya bila kukosa hata nukta. Hapo diski inaishinda omena, maana omena akikauka harudii ubichi, lakini maandishi yaliyobanwa hufumuka yakawa vilevile yalivyokuwa. Hesabu za samaki zina marudio mengi, kwa hiyo zilibanika vizuri, na diski yetu ndogo ikabeba karibu mara mbili ya kipimo chake.

Lakini Stacker haikubana faili mojamoja na kuliacha mahali pake. Iliunda faili moja kubwa mno, lenye jina STACVOL.DSK, ikalificha lisionekane katika orodha ya kawaida, na ndani yake ikatia kila kitu. Kompyuta ilipokwisha kuamka, faili hilo lilivikwa sura ya diski kamili, likapewa herufi C, herufi ambayo kila mtu aliizoea. Diski ya kweli, iliyolibeba faili hilo tumboni, ilisukumwa kando ikapewa herufi D. Mtumiaji alikuwa kama mpangaji anayedhani chumba chake ndicho nyumba nzima.

Kompyuta za zama zile ziliendeshwa na mfumo wa MS-DOS, na yetu ilikuwa na toleo la 5, lililotoka mwaka 1991. Kila ilipowashwa ilitafuta mafaili mawili ya maagizo. La kwanza, CONFIG.SYS, lilitaja vitu vya kuingizwa mapema katika kumbukumbu ya mashine. La pili, AUTOEXEC.BAT, lilitaja kazi za kufanywa baada ya hapo, mathalani mahali pa kutafuta programu. Yote mawili yalikuwa maandishi ya kawaida, mistari michache ambayo mtu yeyote aliweza kuisoma, kuiongeza au kuifuta. Urahisi huo ulikuwa neema kwa mwenye kujua na mtego kwa mwenye kujidai.

Hebu tafakari nami. Mashine inapoamka haijui habari yoyote ya kubana. Huiona diski ya kweli peke yake. Basi CONFIG.SYS linalosomwa lazima liwe nje ya faili kubwa, kwa kuwa maagizo ya kulifungua faili hilo yamo ndani yake, na hakuna mtu anayefungia ufunguo ndani ya sanduku lenyewe. Mistari miwili ya CONFIG.SYS ndiyo iliyokuwa ufunguo. Mmoja uliita programu iitwayo STACKER.COM, nayo ikalifungua sanduku. Wa pili uliita SSWAP.COM, nayo ikabadilishana herufi, iliyobanwa ikawa C na ya kweli ikawa D. Baada ya mabadilishano hayo, AUTOEXEC.BAT lilisomwa kutoka katika C mpya, yaani ndani ya sanduku.

Kwa hiyo barua moja ilisomwa nje na nyingine ilisomwa ndani. Lakini nakala za barua zote mbili zilikuwako pande zote mbili, zenye majina yaleyale. Aliyefungua CONFIG.SYS katika C, baada ya mashine kuwaka, alifungua nakala iliyolala ndani, nakala ambayo mashine haikuisoma kamwe wakati wa kuamka. Aliyetaka amani alipaswa kuhakikisha kuwa nakala hizo zinalingana siku zote. Matoleo ya baadaye ya Stacker yaliweza kuzilinganisha yenyewe. Letu lilikuwa la zamani, na kazi hiyo liliachiwa karani. Karani hakujua.

Sasa kosa lenyewe. Mwaka ule programu yetu ya hesabu ilianza kulalamika kwamba kumbukumbu haitoshi. MS-DOS iliziachia programu kilobaiti 640 tu za kumbukumbu ya kawaida, na kila kitu kilichoitwa katika CONFIG.SYS kilikata kipande chake humo. Mimi nikaona dawa ni kupunguza wageni mezani. Nikafungua CONFIG.SYS katika C, nikaisoma mistari yake, nikaikuta ile miwili ya Stacker. Ilitaja faili STACVOL.DSK lililo katika C. Nikalitafuta faili hilo katika C, nisilione, hata katika yale yaliyofichwa. Bila shaka nisingeliona, maana wakati huo mimi nilikuwa ndani yake, na lenyewe lilikuwa katika D! Nikasema moyoni, "Mistari hii inaita kitu kisichokuwako. Ni takataka ya mwenye mashine wa kwanza." Nikaifuta. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha.

Ikawaka salama salimini. Mafaili yote yalikuwapo. Walakini kumbukumbu haikuongezeka hata kidogo.

Msomaji wangu, simama hapa kidogo, maana hapa ndipo penye somo. Nilikuwa nimefanya jaribio, na jaribio likanijibu kwamba mistari ile haina kazi: nimeiondoa, na hakuna kilichoharibika. Lakini jibu hilo lilikuwa la uongo, kwa sababu niliifuta mahali ambapo haikuwa ikisomwa. Nilikuwa kama mwanafunzi anayechana tangazo la adhabu ukutani, kisha akafurahi kuwa kutwa nzima hakuadhibiwa, ilhali orodha ya majina iko katika jalada la mwalimu mkuu na siku yake haijafika. Jaribio lililofanywa mahali pasipohusika halithibitishi neno lolote. Na baya zaidi, humpa mjinga ujasiri.

Nilifuta mistari mingine, nikazima na kuwasha, na bado hakuna mabadiliko. Siku ya tatu, jioni ya Alhamisi, nikagundua kuwa D nako kuna CONFIG.SYS, na kwamba lingali na mistari yote niliyoifuta. Hapo ilinipasa kujiuliza: kwa nini pana nakala mbili? Kuuliza si ujinga, na mzee aliyenitangulia alikuwa akiishi Nyalenda, si mbali na ofisi. Lakini kiburi kiliniwahi kikanijibu kabla sijauliza. Kikasema, "Hii ya D ndiyo inayokukaidi. Ilinganishe na yako." Nikainakili nakala yangu fupi juu ya ile ya D. Nikazima mashine, nikafunga mlango, nikaenda kulala nikijihesabu fundi.

Ijumaa ilikuwa siku ya malipo. Magugu yalikuwa yameziba ufuo kwa juma zima, na watu walikuja mapema kuliko desturi. Walikuwapo wavuvi waliohitaji unga wa nyumbani, na akina mama waliohitaji nauli ya kufuata samaki katika fuo nyingine. Mbele kabisa alisimama mama mmoja mchuuzi wa omena, ameshika barua ya shule: bintiye wa kidato cha tatu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nikawasalimu kwa bashasha, nikaiwasha kompyuta.

Iliamka upesi kuliko siku zote. Kisha ikaandika mara mbili kwamba amri iliyopewa haijulikani, ikanyamaza. Nikaiita programu ya hesabu, haikuwapo. Nikaomba orodha ya mafaili ya C. Badala ya mamia niliyoyazoea, yakaja machache yanayohesabika kwa vidole. Miezi kumi na mmoja ya shilingi za watu, mtumbwi kwa mtumbwi, kapu kwa kapu, ilikuwa imetoweka. Disketi za akiba nilikuwa nazo, lakini mara ya mwisho kunakili ilikuwa miezi minne iliyopita, na miezi minne hiyo ndiyo iliyokuwa ya shida, ambayo kila mtu alikuwa ametoa na kuweka mara nyingi.

Mikono ilinitetemeka. Nikawaambia watu kuwa mashine ina kasoro ndogo. Mwongo hana uso mmoja. Wangu uliwaambia ukweli upesi, na minong'ono ikaanza. Wapo waliosema kuwa ndivyo fedha za watu zinavyoliwa siku hizi, kwa kioo na umeme. Sikuwalaumu. Kama ningalikuwa upande wao wa meza, nami ningalisema hivyo.

Nikaitazama tena orodha ile fupi, na safari hii nikausoma mstari wa mwisho, ambao kwa haraka yangu nilikuwa nimeuruka. Mstari huo hutaja nafasi iliyobaki. Mafaili yale machache hayakufika hata megabaiti moja, lakini nafasi iliyobaki nayo haikufika megabaiti moja, katika diski ya megabaiti 40. Nikasema kwa sauti bila kukusudia, "Ni tupu, na tena imejaa. Yawezekanaje?"

Mama mchuuzi wa omena alikuwa amekaribia dirishani. Hakujua kompyuta, lakini makapu alikuwa ameyabeba tangu usichana wake. Akasema, "Mwanangu, kapu likikulemea kichwani, usiseme ni tupu kwa kuwa unaona majani juu. Funua majani."

Nikafunua majani. Kulikuwa na amri ya kuorodhesha hata mafaili yaliyofichwa, nikaiandika, na hapo likatokea jina nililolitafuta mahali pasipo pake siku tatu kabla: STACVOL.DSK, na kando yake tarakimu za makumi ya mamilioni ya baiti. Nilipumua. Daftari halikupotea. Lilikuwa limefungwa, na mimi ndiye niliyetupa ufunguo. Nikakumbuka kwa hofu kwamba kama ningaliliona faili hilo siku moja kabla, nisijue ni nini, pengine ningalilifuta nipate nafasi. Laiti ningalifanya hivyo, nisingekuwa na habari ya kukusimulia ila ya kesi.

Lakini ufunguo ulisemaje? Sikukumbuka maneno ya mistari ile kwa ukamilifu wake, na kompyuta haikubali maneno ya kukisia. Nakala ya nje nilikuwa nimeifunika kwa yangu, na nakala ya ndani nilikuwa nimeifuta mistari kwa mkono wangu. Nikawaomba watu wangoje mpaka alasiri, nikapanda baiskeli ya bodaboda hadi Nyalenda kwa mzee.

Nilimkuta kivulini akichambua maharagwe. "Habari za mchana, Mzee," nikasema.

"Karibu, kijana wangu. Mbona umekuja na jasho la mtu aliyekimbizwa na kiboko?"

Nikamweleza yote, bila kujipaka mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakunicheka. Kisha akaniuliza neno moja tu: "Daftari langu uliliweka wapi?"

"Juu ya kabati, Mzee."

"Basi safari yako ilikuwa ya bure. Rudi ufungue ukurasa wa mwisho."

Nikarudi. Nikalipangusa vumbi. Katika ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko ule wa mwalimu, palikuwa na safu mbili. Juu ya moja ameandika, "Haya husomwa nje." Juu ya nyingine, "Haya husomwa ndani." Chini ya kila kichwa alikuwa amenakili maagizo, mstari kwa mstari, pamoja na nukta zake. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Ukibadilisha moja, badilisha na mwenzake. Mistari miwili ya mwisho ya nje isiguswe."

Programu ya kuhariri maandishi nayo ilikuwa imefungiwa sandukuni, lakini MS-DOS ilikuwa na njia ya kimaskini ya kuandika faili moja kwa moja kutoka kwenye kibodi. Uliandika COPY CON na jina la faili, kisha mistari yako mmoja mmoja, na mwisho ukabonyeza F6. Haikuruhusu kurudi juu kusahihisha mstari uliopita. Nikaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole kimoja kwenye daftari na kimoja kwenye kibodi. Programu za Stacker zenyewe zilikuwa bado nje, zinangoja kuitwa. Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, C ilikuwa imejaa kama zamani, na mitumbwi yote ilikuwamo, na makapu yote, na shilingi za karo ya binti yule wa kidato cha tatu.

Tulilipa mpaka giza likaingia. Mama yule alipohesabu fedha zake aliniangalia kitambo, akasema, "Karani, leo umenitisha." Sikupata jibu. Usiku ule, kwa taa ya mafuta, nilianza kunakili miezi kumi na mmoja katika daftari la mzee, na kazi hiyo ilinichukua majuma matatu.

Ni haki kueleza kuwa tatizo la nakala mbili halikudumu. MS-DOS toleo la 6, lililotoka mwaka 1993, lilileta programu yake ya kubana, iliyoingia katika kumbukumbu kabla CONFIG.SYS halijasomwa. Sanduku likafunguka kwanza, na nakala moja ikatosha. Toleo hilo lilimpa mtumiaji pia kitufe cha F5 cha kuyaruka maagizo yote wakati wa kuamka, na F8 cha kuulizwa mstari kwa mstari. Wenye Stacker waliishtaki kampuni ya Microsoft kwa kutumia uvumbuzi wao bila ruhusa, na mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama huko Los Angeles likaamua walipwe dola milioni 120. Kisha diski zikawa kubwa na rahisi, na haja ya kuzibana kwa namna ile ikaisha. Kompyuta yetu kuukuu haikuzipata neema hizo zote. Ilimaliza maisha yake na toleo lake la zamani, lakini haikumsaliti tena karani wake, kwa kuwa karani alikuwa amejifunza.

Nilijifunza nini? La kwanza, nisifute mstari ambao sijui kazi yake. Katika mafaili yale mtu aliweza kuzinyamazisha amri za AUTOEXEC.BAT kwa kutanguliza neno REM, na faili zima la CONFIG.SYS aliweza kulinakili kwa jina jingine kabla ya kuligusa. Kunyamazisha kuna marejeo, kufuta hakuna. La pili, niweke ufunguo nje ya sanduku: maagizo ya kufungulia kitu yaandikwe mahali ambapo kitu hicho kikifungika bado yatasomeka. Mzee hakuwa akiandika jambo mara mbili kwa ushamba. Alijua kuwa mashine haiwezi kukuambia namna ya kuiamsha wakati yenyewe imelala.

Na la tatu ni lile nililokuomba usimame kwa ajili yake. Kabla ya kusema, "Nimeondoa na hakuna kilichoharibika," jiulize kama mahali ulipoondoa ndipo panaposomwa. Swali hili halikufa pamoja na kompyuta za megabaiti 40. Utakutana nalo katika maabara ya shule yako, utakapobadilisha kipimo kimoja na matokeo yasibadilike. Utakutana nalo katika vyama na ofisi, ambako kanuni iliyobandikwa ukutani huwa moja na kanuni inayofuatwa huwa nyingine, na mtu akatumia ujana wake wote kurekebisha ile ya ukutani. Utakutana nalo hata katika nafsi yako. Kila mmoja wetu ana maagizo anayoyaonyesha watu, yaliyopangwa vizuri, na maagizo mengine anayoyasoma peke yake alfajiri anapoamka, kabla hajavaa sura yake ya mchana. Ukitaka kubadili mwenendo wako na ukaona siku zinapita bila mabadiliko, huenda umekuwa ukihariri nakala isiyosomwa.

Mzee wa Nyalenda amekwisha kufariki. Magugu maji ya Winam huja na kuondoka kwa majira na upepo, na mitumbwi ya Dunga huyapisha na kuyapenya kama ilivyojifunza. Daftari bado ninalo. Ukurasa wake wa mwisho umekuwa na rangi ya chai, lakini wino mwekundu unasomeka.